Sentimita Mbili na Nusu

Lori lilileta nusu ya chuma kilichoandikwa kwenye karatasi, na Wahiba akakataa kutia sahihi.

"Karatasi inasema mapande mia mbili ishirini na manne," alimwambia dereva. "Hapa yapo mia na kumi na mawili. Mengine yamelala wapi?"

"Mama, mimi naendesha gari tu. Mkitaka zaidi, kaombeni kule." Dereva alinyanyua kidevu kuelekea ng'ambo ya barabara, ambako mabomba marefu ya kiwanda cha chuma yalisimama bila moshi.

Hakuna aliyecheka. Wanaume kumi na wanne waliokuwa wakishusha mzigo ule walikuwa wametoka kwenye kiwanda hichohicho. Walifanya kazi humo mpaka tanuri kubwa lilipozimwa, wakapunguzwa, kisha wakaletwa hapa kwenye kituo cha mafunzo kujifunza kuchomelea. Mmoja wao alikuwa Lakhdar, mume wa Wahiba.

Wahiba mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mmoja kituoni. Alikuja na stashahada yake ya chuo akidhani atakaa ofisini. Wakampa ufunguo wa ghala na mkasi mkubwa, ile mashine ya umeme yenye kisu kirefu, inayokata chuma kama mtu anayekata kitambaa. Mwaka wa kwanza wanaume walikuja kuchungulia lini atakata vidole vyake. Hakukata. Siku hizi walikuja kumwomba chuma, na walikuja kwa adabu.

Kila pande lilikuwa na urefu wa mita moja, upana wa sentimita kumi, na unene wa milimita nane. Alilikata vipande sita vya sentimita kumi na tano. Mwanafunzi huchukua vipande viwili, huvipanga ubavu kwa ubavu, huviunganisha kwa moto, na hapo vimekwisha kazi. Pande moja, mishono mitatu. Kwa chuma kilicholetwa, kila mtu angepata mapande manane kwa miezi mitatu yote.

"Mishono ishirini na nne," Wahiba alimwambia Mwalimu Boudjemaa. "Mtu ajifunze ufundi kwa mishono ishirini na nne? Mimi kujifunza kushona zipu ya suruali kulinichukua zaidi ya hapo."

Boudjemaa alikuwa mzee mrefu aliyechomelea meli miaka thelathini. Jicho lake la kushoto lilitoa machozi mchana kutwa, naye alikuwa na tabia ya kulipangusa kwa kisigino cha mkono, hata akiwa anacheka. "Ndicho kilichopo, Mama Nesrine. Tugawane tulichopewa."

Wengine kumi na watatu Wahiba hakuwa na wasiwasi nao sana. Wasiwasi wake ulikuwa kwa Lakhdar.

Lakhdar alikaa miaka ishirini na saba mbele ya tanuri. Kazi yake ilikuwa kulifungua mdomo kwa nondo ndefu kuliko yeye mwenyewe, chuma kilichoyeyuka kikitoka kama mto. Mikono yake ilijua kusukuma kwa nguvu zote na kuruka nyuma. Sasa aliambiwa ashike kijiti cha kuchomelea, chembamba kama penseli, akisogeze taratibu, na asikiguse chuma wala kukaa mbali nacho. Wiki nzima ya kwanza kijiti chake kilinasa kwenye chuma.

"Lakhdar!" Zoubir alimpigia kelele kutoka kibanda cha pili. Kiwandani Zoubir alikuwa dereva wa winchi, mfupi, mwenye mdomo usiochoka. "Unachomelea au unapiga muhuri? Niletee na mimi karatasi zangu, nina barua za posta!"

Wenzao walicheka. Lakhdar alicheka pia, lakini nyumbani hakula. Alikaa dirishani akitazama yale mabomba yasiyo na moshi. Tangu tanuri lizimwe aliacha kwenda mkahawani, kwa sababu wanaume pale huulizana habari za kazi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Karakana ya meli bandarini Annaba iliahidi kuchukua watu sita katika wale kumi na wanne baada ya mtihani, na haikuchukua mtu aliyepita miaka hamsini na miwili. Akikosa, ilibaki nafasi aliyotafutiwa na binamu yake: ulinzi wa geti kwenye kambi ya gesi kusini, jangwani, siku moja na nusu kwa basi, na kuja nyumbani mara moja kila miezi miwili.

"Nikalinde mchanga usiibiwe," alisema Lakhdar siku binamu alipopiga simu.

Wahiba hakuwa mtu wa kukaa akihuzunika kando ya mtu. Alitaka kufanya kitu. Akafanya hesabu. Kama pande la sentimita kumi litapasuliwa kwa urefu mara nne, kila ukanda utakuwa sentimita mbili na nusu. Ukikata kanda hizo vipande vya sentimita kumi na tano, pande moja linatoa vipande ishirini na vinne badala ya sita. Mishono ishirini na nne inakuwa tisini na sita. Chuma ni kilekile, fungu ni la Lakhdar mwenyewe, hakuna aliyedhulumiwa.

Kupasua chuma kuwa kanda nyembamba si kazi ya raha. Mkasi unaponyofoa ukanda mwembamba, ukanda hujinyonga kama ganda la chungwa. Ilibidi Wahiba auweke kila mmoja juu ya fuawe na kuunyoosha kwa nyundo, pigo baada ya pigo, kisha aondoe makali kwa tupa. Alikuwa akifanya hivyo saa ya chakula, wengine wakiwa nje na mikate yao. Siku ya tatu bega lilimuuma kiasi cha kushindwa kuinua sufuria, lakini kikapu cha Lakhdar kilikuwa kimejaa vipande vilivyonyooka, vimepangwa jozi jozi.

"Vyangu vyote hivi?" Lakhdar aliuliza.

"Vyako. Fungu lako nimelipasua. Choma mpaka vijiti viogope."

Alimwangalia mkewe, akaangalia kikapu, akatikisa kichwa. Jioni ile, baada ya sala ya alasiri, alibaki karakanani mpaka Wahiba alipofunga ghala. Akawa anabaki kila siku.

Wiki ya pili Boudjemaa alikuja ghalani. Mkononi alishika moja ya jozi za Lakhdar, imeunganishwa, bado ina joto.

"Mama Nesrine, vipande hivi umevikata wewe?"

"Nimevikata mimi. Ni fungu lake, sikugusa la mtu."

"Sijasema umeiba. Nasema ni vyembamba." Alipangusa jicho. "Chuma chembamba hakina pa kupeleka joto. Ukikigusa tu kimeiva chote. Mtu anachomelea kwa moto mdogo, mkono unakimbia, na mshono unatoka mzuri kama bwana harusi. Akija kupewa bamba pana, lililopoa, mkono uleule hautoshi. Juu kutang'aa, chini hakutashika."

"Kwa hiyo unataka arudi kwenye mishono ishirini na nne? Mwalimu, wewe ulijifunza wakati chuma kilikuwa kinalala barabarani. Huyu kijiti kilikuwa kinamnasa. Sasa hakimnasi."

"Hakimnasi, kweli."

"Basi. Chuma ni chuma."

"Sawa. Lakini mwambie," alisema Boudjemaa. "Na mimi nitamwambia, nikimpata peke yake. Mbele ya wenzake sitaki, Zoubir atamla mzima. Mwambie anapokuja kwenye kipana aongeze moto, na asikimbie."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Jioni hiyo Lakhdar alirudi nyumbani akiimba kwa pua, kitu ambacho Wahiba hakukisikia mwaka mzima. Alikuwa ameleta jozi moja mfukoni, akaiweka juu ya meza ya jikoni katikati ya maharage na vitunguu.

"Tazama huo mshono, Mama Nesrine. Pitisha kidole."

Alipitisha. Ulikuwa mawimbi madogo yaliyolingana, moja juu ya jingine, toka mwanzo hadi mwisho.

"Zoubir ameuona?"

"Ameuona. Amesema nimemlipa mtu." Lakhdar alicheka mpaka akakohoa. Kisha akala sahani mbili za supu, akafuta ya pili kwa mkate, akauliza kama kuna nyingine.

Wahiba alimtazama akila. Moyoni alijiambia atamweleza kesho. Ukimwambia mtu aliyeanza kuinuka kwamba mshono wake unadanganya, atakaa chini tena, na huyu alikuwa mzito kumwinua. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Boudjemaa naye alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa wiki tatu. Akaja kijana wa muda aliyekaa kwenye kiti na simu yake. Boudjemaa aliporudi, amekonda, aliwapa wote mazoezi ya haraka kwenye vipande vyao na kumpiga Lakhdar bega. "Umekuwa fundi, nasikia." Labda alidhani Wahiba alishamwambia. Kwa nini asidhani? Wahiba alikuwa ameahidi.

Mtihani ulifanyika mwezi wa Januari, bandarini, kwenye banda lisilo na mlango upande wa bahari. Wahiba alikwenda kwa sababu vijiti vya kuchomelea vilitoka ghalani kwake, na ilibidi avikabidhi vikiwa vimefungwa. Usiku kucha ulipiga upepo. Mabamba ya mtihani yalikuwa yamepangwa sakafuni tangu jana yake: unene wa milimita kumi na mbili, kila moja pana kuliko kiganja chenye vidole vilivyotanuliwa. Wahiba alivua glavu, akaweka mkono juu ya bamba moja.

Lilikuwa baridi kama maji ya kisima, na baridi ile haikuisha mkononi hata baada ya kuondoa mkono.

Hapo ndipo alipoelewa. Hakuelewa kwa maneno ya Boudjemaa. Alielewa kwa ngozi. Aligeuka kumtafuta Lakhdar, lakini watahiniwa walikuwa wameshawekwa nyuma ya kamba ya njano, na msimamizi, mwanamume aliyevaa koti lenye manyoya shingoni, alikuwa akisoma sheria. Hakuna kuzungumza na mtahiniwa.

"Kaka, naomba nimwambie mume wangu neno moja," alisema Wahiba.

"Baada ya kazi, mama."

"Neno moja tu. Sekunde."

"Mama, kila mtu hapa ana mke. Nikiruhusu wewe, kesho wataleta na mama zao."

Wahiba hakuwa amezoea kukataliwa. Alisimama na kopo tupu la vijiti mikononi, akamwona Lakhdar akiinama kwenye mashine na kuzungusha kitufe cha moto. Alikizungusha mpaka mahali pake pa kila siku, pale alipokizoea, bila hata kutazama namba. Akashusha ngao ya uso. Mkono ulitembea. Ulitembea vizuri mno. Mwepesi, haukutetemeka, haukunasa hata mara moja. Kibanda cha pili Zoubir alikuwa akitukana chini kwa chini, kijiti kimemnasa, anakikwanyua, anaanza tena, anaongeza moto, cheche zinamrukia shingoni.

Mabamba yalipopoa walikata kutoka kila moja kipande chembamba katikati ya mshono, wakakiweka kwenye mashine ya kukunja. Mshono mzuri hukunjika pamoja na chuma chake, kama ni kitu kimoja. Cha Zoubir, kibaya kama kovu la jipu, kilikunjika mpaka mwisho na hakikuachia. Cha Lakhdar kilikunjika kidogo, kikatoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja jani kavu, kikafunguka chini kwa urefu wote.

Msimamizi alikiinua kwenye mwanga. "Juu, kazi nzuri sana," alisema, na alimaanisha. "Chini hamna kitu. Haukushika."

Lakhdar alikichukua kile kipande. Aliingiza kucha ya kidole gumba kwenye ule ufa, akaiendesha kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Boudjemaa alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa Wahiba. Alimtazama mara moja, akapangusa jicho, akaenda nje upeponi.

Walirudi nyumbani. Siku mbili Lakhdar alilala uso ukutani. Nesrine, binti yao aliyeolewa Kostantina, alipiga simu na kuambiwa baba amepata mafua. Zoubir alikuja na sanduku la tende, akakaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi, mara ya kwanza maishani mwake hana utani. "Nimechukua nafasi isiyo yangu, kaka," alisema. "Wote tunajua nani alikuwa na mkono." Lakhdar alimshukuru kwa tende.

Siku ya tatu aliamka, akaja jikoni. Wahiba alikuwa akimenya maharage mabichi.

"Nimefikiri sana," Lakhdar alisema. "Mikono yangu imezeeka. Mtu asijidanganye. Miaka ishirini na saba ya moto imeichoma ndani, haisikii tena. Nitampigia binamu."

"Si mikono yako," alisema Wahiba.

"Usinibembeleze."

"Mimi na kubembeleza tumejuana lini? Si mikono. Ni mimi." Aliweka kisu chini. Alimweleza yote kwa mpangilio, kama mtu anayesoma orodha: kanda za sentimita mbili na nusu, joto lisilo na pa kwenda, mkono kujifunza kukimbia, bamba pana linalonyonya moto wote. Hakujitetea. Alipomaliza, maji ya maharage yalikuwa yakichemka jikoni na hakuna aliyeyaepua.

"Haya umeyajua wapi?"

"Boudjemaa aliniambia."

"Lini?"

"Wiki ya pili."

Lakhdar alivuta kiti akakaa. "Wiki ya pili," alisema. "Na mtihani ulikuwa wiki ya kumi na mbili."

"Ulikuwa umeanza kula. Niliogopa nikikwambia utakata tamaa."

"Ningekata tamaa?" Hakupandisha sauti, na Wahiba angependa sana aipandishe. "Wahiba, ningeongeza moto. Basi. Ningezungusha kitufe."

Hakumwita Mama Nesrine. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa alimwita kwa jina lake mara chache, na kila mara alikuwa na sababu.

Alikaa akitazama viganja vyake, amevigeuza juu, kisha chini. "Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa mzuri," alisema mwishowe.

"Mkono wako ulikuwa mzuri."

Alivaa koti akatoka. Alikwenda mkahawani, mahali ambapo hakukanyaga mwaka mzima, na akawaambia wanaume wote kilichotokea. Wahiba alijua asubuhi iliyofuata, alipofika kwa muuza mikate.

"Nikupe mzima, Mama Nesrine, au nikukatie mara nne?"

Watu kwenye foleni walicheka. Kila mtu mtaani alijua kwamba Wahiba ana jibu la kila kitu, na walisimama kulisubiri. Wahiba alichukua mkate wake akaondoka. Karakanani walichora kwa chaki kwenye mkasi mkubwa mchoro wa mwanamke akikata suruali ya mumewe kuwa kanda. Hakuufuta. Ilikuwa kweli, kwanza. Na pili, aliporudi jioni alipita mbele ya mkahawa, akamwona Lakhdar ameketi katikati ya wanaume, kifua mbele, anaeleza kwa mikono namna bamba pana linavyokula moto. Walikuwa wakimsikiliza kama fundi aliyefanyiwa hila, si kama mzee aliyeshindwa. Kama gharama ya hilo ilikuwa yeye kuchekwa, basi wacheke.

Alidhani hasira ya mumewe itakwisha kwa njia hiyo. Haikuisha. Nyumbani Lakhdar alikuwa mpole, alisema tafadhali na asante, alikula kilichowekwa mezani. Ule upole ndio uliomkondesha Wahiba. Usiku alilala ukingoni mwa kitanda, nafasi ya mtu wa tatu ikiwa katikati yao. Boudjemaa alijaribu kuwaomba wale wa bandarini wampe Lakhdar mtihani wa pili. Wakasema mwezi wa Machi anatimiza hamsini na mitatu, na orodha imefungwa.

Lakhdar aliondoka mwezi wa Februari, siku ya Jumapili, ambayo kwao ndiyo siku ya kwanza ya kazi, kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Wahiba alimfungia mikate minne ya unga wa semolina, mayai ya kuchemsha, jibini na chupa ya kahawa. Kwenye kituo cha basi kulikuwa na wanaume wengi waliokuwa wakienda kusini na mabegi yao, na harufu ya dizeli. Lakhdar aliingiza begi chini ya basi, akarudi kusimama mbele yake, kola imeinuliwa.

"Gesi ya jikoni imekaribia kuisha," alisema. "Usibebe mwenyewe, mwite Zoubir."

"Nitamwita."

"Na bega lako, nenda ukalionyeshe kwa daktari. Si ulisema linauma?"

"Litapona." Kondakta alipiga bodi ya basi kwa kofi. Wahiba hakuwa na muda wa kuzungusha maneno, na hakuwahi kujua kuyazungusha. "Umenisamehe, Baba Nesrine?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, macho yakiwa kwenye lami, wakati watu wakimpita na kupanda.

"Bado," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa kama ameshakula.

Akapanda. Alipata kiti upande wa pili, kwa hiyo Wahiba hakumwona tena dirishani. Alisubiri hata hivyo mpaka basi lilipokata kona. Kisha akatazama saa. Kazi ilianza saa mbili, na asubuhi ile wangekuja wanafunzi wapya ishirini, na chuma kilikuwa kilekile kidogo.